Kiatu Hakikui

Wiki mbili kabla ya harusi ya mdogo wangu nilinunua viatu vya mtumba, ngozi nyeusi, kisigino kifupi, bado vinang'aa. Vilikuwa namba 39. Mimi navaa 40. Muuzaji aliniona nasita, akatamka maneno ambayo karibu kila mnunuzi wa mitumba ameyasikia: "Chukua dada, ngozi hiyo. Vaa siku mbili tatu, itaachia." Nikachukua. Katika zile wiki mbili nilishauriwa na dada wa saluni, shemeji yangu, jirani, na binamu aliyeona video kwenye simu, na nikafuata karibu yote waliyosema. Usiku wa harusi nilicheza kwa saa nne. Kulipokucha, kucha za vidole gumba vyote viwili zilikuwa nyeusi, na baada ya mwezi na nusu moja iling'oka.

Walionishauri walinitakia mema. Kila mmoja aliwahi kuona ushauri wake ukifaa, mahali fulani, kwa kiatu fulani. Ila hakuna aliyeniuliza swali la kwanza: kinakubana wapi, ubavuni au mbele? Kwa hiyo nitayachukua madai yao moja moja, maana bado yanasemwa kila siku na watu bado wanaumia.

"Kitazoea mguu"

Hili ndilo chimbuko la mengine yote, na lina ukweli ndani yake, ndiyo sababu linadumu. Ngozi halisi ni mtandao wa nyuzi za kolajeni zilizosokotana. Zikipata unyevu hulainika na kuteleza kidogo. Zikivutwa zikiwa na unyevu, kisha zikakauka zikiwa bado zimevutwa, hubaki pale zilipofikishwa. Kiwandani ndivyo kiatu kinavyopewa umbo: ngozi huvutwa juu ya kalibu, yaani umbo la mguu la mti au plastiki, ikaachwa hapo mpaka ishike. Jasho na joto la mguu wako hufanya kazi ileile polepole. Basi kiatu cha ngozi kinachokubana ubavuni, pale mguu unapotanuka nyuma ya vidole, kweli kitaachia milimita chache ukikivaa kwa vipindi vifupi.

Urefu ni habari nyingine kabisa. Chini ya unyayo wako kuna soli, juu yake kipande kigumu cha ndani, na katika viatu vingi vya ngozi, hasa vyenye kisigino, kuna kipande chembamba cha chuma au plastiki katikati ya upinde. Mbele, ndani ya ncha, kumewekwa kigumu cha kulinda vidole. Nyuma kuna kigumu kingine kinachoshika kisigino. Vyote hivyo vimewekwa humo makusudi ili visivutike. Sasa piga hesabu. Namba za Ulaya, zile za 38, 39, 40, huachana kwa theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita 6.7. Namba za Uingereza, zile za 5, 6, 7, huachana kwa theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5. Nilikuwa natafuta milimita saba mbele ya kidole, mahali ambapo kiatu hakina hata moja ya kutoa.

Haya nilifundishwa baada ya harusi, na fundi viatu mmoja anayekaa chini ya mwembe karibu na kituo cha daladala. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, vua." Kiatu hakukigusa. Alichomoa njiti kwenye ufagio wa chelewa, akaniambia niikanyage, kisigino kwenye ncha yake moja, akaikata kwa kucha pale kilipoishia kidole changu kirefu. Kisha akaiingiza njiti ndani ya kiatu. Ikapinda.

"Umeona ilivyopinda?" akaniuliza. "Na vidole vyako vilikuwa hivyohivyo usiku kucha. Hiki sikipanui. Nikipokea hela yako hapa nitakuwa nimekuibia."

Tangu siku hiyo sijaona kipimo kilicho rahisi na cha kweli kuliko njiti ile.

Kuna viatu vingine ambavyo havizoei hata kwa upana. Ngozi bandia ni kitambaa kilichopakwa plastiki. Ukiivaa huvutika, ukiivua hurudi ilikokuwa, na ukiilazimisha sana ganda la juu hupasuka na kuanza kubanduka vipande vipande. Namna ya kuitambua ni kutazama ukingo uliokatwa, pale kwenye ulimi wa kiatu au chini ya bitana. Ngozi halisi huonyesha nyuzi, kama kitu kilichochanwa. Bandia huonyesha tabaka mbili, kitambaa chini na ganda laini juu. Ukikuta tabaka mbili, usinunue kwa ahadi ya kwamba kitaachia.

Na mtumba una jambo lake ambalo muuzaji hakwambii, pengine hata yeye halijui. Kiatu kile kimeshavaliwa. Sehemu kubwa ya kuachia ambako ngozi ilikuwa nako imeshatolewa kwa mguu wa mtu mwingine, mahali alipohitaji yeye. Tazama ndani: vidole vyake vimeacha vishimo kwenye soli ya ndani. Tazama ubavuni: kama alikuwa na kinundu karibu na kidole gumba, ngozi imetokeza pale. Anayesema kiatu cha mtumba kitazoea mguu anasahau kwamba kilishazoea mguu mmoja.

"Weka mfuko wa maji ndani, kitie kwenye friza"

Hii ndiyo ya binamu na video yake. Inavutia kwa sababu kanuni yake ni ya kweli. Maji yakiganda huongezeka kwa karibu asilimia 9. Lakini asilimia hiyo ni ya ujazo mzima. Ukiigawa kwa urefu, upana na kimo, kila upande unapata kama asilimia 3. Mfuko wenye upana wa sentimita 7 ndani ya kiatu ungeongezeka kwa milimita mbili, nayo ni kama barafu ingekubali kugawanyika sawasawa. Haikubali. Barafu husukuma kule isikozuiwa, na kiatu kiko wazi juu. Mfuko wangu ulivimba mdomoni mwa kiatu kama andazi, huku ncha ikibaki vilevile.

Halafu ngozi haishiki umbo kwa baridi. Inashika kwa kulowa na kukauka ikiwa imevutwa. Humo kwenye friza inakaa imeganda, ikitoka inayeyuka na kulegea, barafu nayo imeshakuwa maji tena, hakuna kinachoishikilia. Kama kiatu ni cha plastiki, baridi hukifanya kikakamae na kupasuka kirahisi. Na mfuko ukitoboka, soli ya ndani inalowa mpaka chini. Wangu wa kushoto ulitoboka.

"Vaa soksi nene, kipulizie mashine ya kukaushia nywele"

Ushauri wa dada wa saluni, na kati ya yote huu ndio ulio karibu zaidi na kazi ya fundi. Soksi nene hufanya mguu uwe kalibu. Joto la kiasi hulainisha ngozi. Ukiendelea kuvaa mpaka kipoe, kitu kidogo hubaki. Nakubali, kwa ngozi halisi, kwa upana tu.

Hatari yake ni joto lenyewe. Viatu vingi siku hizi havijashonwa soli, vimegandishwa kwa gundi, na kiwandani gundi hiyo hupashwa joto ili ilainike kabla soli haijabanwa. Ukiipasha tena nyumbani, unairudisha kwenye hali ileile ya kulainika, safari hii bila mashine ya kuibana. Soli huanza kuachia mbele, pale kiatu kinapokunjika. Ndiyo maana mtu anaanza na kiatu kinachobana na kuishia na kiatu kinachobana chenye mdomo.

Ndugu wa ushauri huu ni ule wa kuloweka kiatu na kukiacha juani juu ya bati, au kukiweka kando ya jiko la mkaa. Huu niseme kwa sauti: unafanya kinyume cha unachotaka. Ngozi iliyolowa ikipata joto kali husinyaa. Nyuzi za kolajeni hujikunja, na zikishajikunja hazirudi. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama yale ya miwati inayolimwa Njombe, ikiwa imelowa huanza kusinyaa kwenye nyuzijoto 70 hadi 85 hivi. Ile iliyotengenezwa kwa kromi, ambayo ndiyo nyingi kwenye viatu, huvumilia mpaka karibu na 100. Pembeni ya jiko la mkaa kiwango hicho hufikiwa haraka. Kila mzazi aliyewahi kukausha viatu vya shule jikoni usiku wa mvua anajua asubuhi yake: viatu vigumu kama ubao, vimekunjamana, na mtoto anasukuma kisigino huku analia. Viatu vilivyolowa vijazwe magazeti makavu, viwekwe kivulini penye hewa, na magazeti yabadilishwe yakishalowa.

"Paka spiriti"

Spiriti hupenya ngozi upesi kuliko maji na hukauka upesi. Kwa hiyo huilainisha kwa muda mfupi, na muda huo kama mguu au kalibu iko ndani, ngozi itasogea. Mafundi wengine huichanganya na maji nusu kwa nusu. Hilo sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu ni na jinsi inavyosemwa, kana kwamba ni maji tu. Spiriti huyeyusha rangi. Huondoa mafuta yanayoifanya ngozi iwe laini, na ukiirudia mara nyingi ngozi hukauka na kupasuka. Kwenye ile ngozi inayong'aa kama kioo huharibu ule mng'ao moja kwa moja. Ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, ndani ya ulimi wa kiatu, ungoje ikauke, utazame. Shemeji hakuniambia nijaribu. Kiatu cha kulia kilibaki na baka la kijivu ambalo nililificha kwa dawa ya viatu mara tatu.

Kiazi, magazeti yaliyolowa, nafaka, mafuta

Haya niyapitie haraka. Kiazi kilichomenywa na kusukumwa ndani ya ncha usiku kucha hufanya mambo mawili: kinatoa maji na kinashikilia nafasi. Yote mawili yanafanywa vizuri zaidi na kitambaa chenye unyevu na kipande cha mti, tena bila harufu. Magazeti yaliyolowa hushusha wino kwenye bitana, na hupungua yanapokauka badala ya kuongezeka. Nafaka zilizolowekwa huvimba kweli, lakini huvimba zinakotaka, na zikikaa humo huleta ukungu. Mafuta ya kupikia, ya nazi au ya mgando hulainisha ngozi na hapohapo huidhoofisha gundi, huacha madoa, na dawa ya viatu haishiki tena juu yake. Mafuta hayapanui kitu. Ngozi laini inayobana bado inabana.

"Ni namba yako tu, hakina shida"

Namba ni mwanzo wa mazungumzo. Katika miaka ya 1920 Charles Brannock, wa mji wa Syracuse katika jimbo la New York, alitengeneza kile kifaa cha chuma cha kupimia mguu ambacho bado kinaonekana kwenye maduka ya viatu duniani. Kinapima vitu vitatu: kutoka kisigino mpaka kidole, kutoka kisigino mpaka pale mguu unapokunjika, na upana. Watu wawili wa namba 40 wanaweza kuwa na mguu wa urefu mmoja, mmoja ana vidole virefu na mwingine vifupi, na kiatu kinachokunjika mahali pake kwa mmoja kikamkunjikia mwenzake mahali pengine na kumchubua. Ukiongeza kwamba kila kiwanda kina kalibu zake, utaona kwa nini namba iliyoandikwa chini ya soli haiwezi kusimama badala ya mguu wako.

Na mguu wenyewe hautulii. Ukisimama hurefuka na kutanuka kuliko ukikaa. Jioni umevimba kuliko asubuhi, hasa kwa anayesimama kazini kutwa au aliyesafiri kwenye basi kutoka mkoani. Wanawake wengi baada ya ujauzito hawarudi kwenye namba yao ya zamani, na wengine huendelea kujilaumu, wanasukuma mguu ndani ya viatu vya miaka mitano iliyopita. Dada yangu, mguu wako haujakosea. Upime upya, jioni, umesimama, miguu yote miwili, na ununue kwa kufuata ule mrefu.

"Mtoto avumilie, vitalegea"

Dai hili linaniuma kuliko yote. Januari shule zinafunguliwa, hela imekwisha, viatu vya mwaka jana vipo. Naelewa. Nimelelewa katika nyumba hiyo. Lakini mguu wa mtoto haujawa mfupa kamili. Sehemu zake nyingi bado ni gegedu, na mifupa hukomaa pole pole mpaka anapokaribia miaka 18. Kwa sababu ni laini, unakubali kubanwa bila maumivu makali, na mtoto hasemi. Anayezoea hapo ni mguu: vidole vinajikunja, kucha zinaingia ndani ya nyama, kidole gumba kinaelekea kwa wenzake.

Kubonyeza ncha ya kiatu kwa kidole chako hakutoshi. Mtoto anayetaka viatu hivyo atakunja vidole ili usiviguse. Toa soli ya ndani kama inatoka, mwambie aikanyage amesimama, utazame kati ya kidole kirefu na ukingo. Panapaswa kubaki kama sentimita moja. Kama haitoki, tumia njiti. Kiatu kisichofika hapo hakipanuliwi, kinapewa mdogo wake kama kinamtosha na bado hakijachukua umbo la mguu wa kaka. Na kama hela ni ya jozi moja tu, ni heri raba ya kitambaa inayomtosha kuliko kiatu cha ngozi kinachombana. Walimu wanaomrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya aina ya kiatu wafikirie miguu hiyo pia.

"Kila mtu anaweza kujaribu nyumbani"

Hapana. Mwenye ugonjwa wa sukari asijaribu. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu mwilini huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na mtu anapoteza hisia ya maumivu bila kujua. Lengelenge ambalo mimi ningelisikia ndani ya dakika kumi, yeye anaweza kutembea nalo kutwa na kuliona jioni kwa damu kwenye soksi. Damu nayo haifiki miguuni vizuri, kidonda hakiponi, na kuna watu waliokatwa mguu kwa safari iliyoanza na kiatu kilichobana. Kwa mtu huyu hakuna kuzoesha kiatu. Kinamtosha siku ya kwanza au hakinunuliwi. Apapase ndani kwa mkono kila kabla ya kuvaa, na atazame nyayo zake kila usiku, au atazamiwe. Kama unamnunulia mama au baba zawadi ya viatu na unajua ana sukari, nenda naye dukani.

"Basi fundi atajua"

Fundi mzuri anajua, na sehemu ya kujua kwake ni kukataa. Kiatu cha ngozi, kirefu cha kutosha, kinachobana ubavuni, ndicho cha kumpelekea. Atailowesha ngozi kwa ndani, ataingiza kalibu ya mti yenye parafujo, ataizungusha mpaka ngozi ikaze bila kulia kwenye mshono, na atakiacha siku nzima kivulini. Kama una kinundu, ataweka kitufe cha mti kwenye kalibu mahali hapo ili ngozi itanuke hapo tu. Kesho yake utajaribu, ataongeza mzunguko nusu, utasubiri tena. Ni kazi ya siku mbili tatu, na faida yake ni milimita chache. Anayekuahidi namba nzima ndani ya nusu saa anakwenda kuvunja kitu.

Kwa asiye na fundi karibu, njia yangu ni ya soksi nene na maji kidogo ndani ya ngozi, dakika ishirini za kutembea sebuleni kila jioni kwa wiki moja, bila moto wowote. Kabla hata ya hapo, toa soli ya ndani iliyo nene uweke nyembamba, na kwenye kiatu cha kamba ruka matundu yaliyo juu ya sehemu inayouma. Mara nyingi hapo tu mguu unapata nafuu na kiatu hakijaguswa.

Siku hizi natembea na njiti yangu kwenye pochi. Imekatwa kwa mguu wa kulia, ambao ni mrefu kuliko wa kushoto kwa milimita tatu, nikaongeza sentimita moja. Wauzaji wa sokoni wameshanizoea. Naingiza njiti, ikipinda narudisha kiatu kwenye rundo, hata kiwe kizuri vipi. Vile vyeusi alivichukua binti wa jirani anayevaa 38. Aliweka soli nyepesi ya ndani, baka la kijivu akalifuta kwa rangi, na kila asubuhi namsikia akishuka navyo ngazi kwenda kazini, mwendo wa haraka.